Nani Anaruhusiwa Kuisogeza Meza? Mabadiliko ya Mpangilio wa Ofisi na Maana Yake kwa Wafanyakazi

Mwaka 2010 watafiti wawili wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza, Craig Knight na Alex Haslam, walichapisha matokeo ya majaribio ambayo kila anayepanga ofisi angefaa ayasome kabla ya kununua kiti cha kwanza. Washiriki walipewa kazi za kawaida za ofisini katika chumba kilichoandaliwa kwa namna nne. Kwanza kilikuwa kitupu na safi, kikiwa na vifaa vya kazi tu. Namna ya pili kilipambwa kwa mimea na picha zilizopangwa na watafiti. Katika namna ya tatu mimea na picha zilikuwa zilezile, ila mshiriki mwenyewe ndiye aliyeamua ziwekwe wapi, au zisiwekwe kabisa. Katika namna ya nne mshiriki alivipanga vitu vyake kama alivyopenda, kisha mtafiti akaingia, akatazama, akavipangua na kuviweka alivyotaka yeye. Waliofanya kazi katika chumba kilichopambwa walikuwa na tija kubwa kwa takriban asilimia 17 kuliko wale wa chumba kitupu. Waliojipangia wenyewe waliwazidi hao wa chumba kitupu kwa takriban asilimia 32, bila makosa yao kuongezeka. Waliopanguliwa mpango wao waliporomoka tena, ingawa mimea na picha zilikuwa bado zimo chumbani.

Nimeanza na jaribio hilo kwa sababu linagusa jambo ambalo mijadala mingi ya ofisi hulipita pembeni. Kwa kawaida watu hubishana kuhusu umbo: ofisi iwe na kuta au iwe wazi, kila mtu awe na meza yake au meza ziwe za wote, kuwe na vyumba vingi vya mikutano au sehemu nyingi za mapumziko. Ukifuatilia historia ya zaidi ya miaka 100, utakuta kwamba karibu kila umbo limewahi kusifiwa kuwa ukombozi wa mfanyakazi, na kwamba umbo hilohilo, miaka michache baadaye, limelaaniwa kuwa jela yake. Tofauti kati ya sifa na laana imetokana sana na swali la nani mwenye uamuzi juu ya sauti, mwanga, joto, faragha na mahali pa kukaa, na iwapo uamuzi huo ulibaki kwa mfanyakazi pale wenye fedha walipoanza kubana matumizi.

Maneno yaliyochongwa ukutani

Mwaka 1906 lilikamilika huko Buffalo, katika jimbo la New York, jengo la makao makuu ya kampuni ya Larkin, iliyokuwa ikiuza sabuni na bidhaa nyingine kwa njia ya posta. Msanifu wake, Frank Lloyd Wright, alilifunga jengo lisipitishe hewa ya nje moja kwa moja, kwa sababu moshi wa treni ulitanda katika eneo lile. Akaweka mitambo ya kusafisha hewa, na katikati akaacha ukumbi mrefu wa kwenda juu uliopokea mwanga kutoka kwenye paa la kioo. Wakuu wa kampuni walikaa chini ya ukumbi huo, bila kuta, wakionwa na makarani waliokuwa kwenye ghorofa za pembeni. Palikuwa na maktaba, mgahawa na sehemu ya kupumzikia. Kwa wakati wake hayo yalikuwa makubwa. Hata hivyo, viti vya makarani vilikuwa vimeunganishwa na meza kwa mkono wa chuma, na juu ya kuta za ukumbi yalichongwa maneno ya maadili kama vile ushirikiano, bidii na uaminifu. Kampuni iliyowajali watu wake kwa kitabu na chakula iliwapangia pia umbali wa kiti na meza. Ndizo zilizokuwa zama za Frederick Winslow Taylor, mhandisi wa Marekani aliyechapisha mwaka 1911 kanuni zake za usimamizi wa kisayansi, ambazo kwazo kila tendo la mfanyakazi lilipimwa kwa saa, kisha wataalamu wakachagua njia moja iliyo bora na mtendaji akatakiwa aifuate. Jengo la Larkin lilibomolewa mwaka 1950. Mchanganyiko wake wa ukarimu na udhibiti haukubomolewa pamoja nalo, na ofisi za leo zenye chakula cha bure na kaulimbiu kubwa ukutani ni vitukuu vyake.

Jaribio la kwanza kubwa la kuachana na safu za meza zilizonyooka kama darasani lilitoka Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ndugu wawili, Eberhard na Wolfgang Schnelle, waliokuwa wakifanya ushauri katika eneo la Hamburg, walianza kuchunguza nani huzungumza na nani ofisini, na karatasi hutoka kwa nani kwenda kwa nani. Kisha wakapanga meza kufuata mikondo hiyo, kwa makundi yasiyo na mstari, zikitenganishwa na mimea na viambaza vyepesi vya kuhamishika, juu ya zulia la kupunguza kelele. Mpango huo waliuita mandhari ya ofisi. Wakubwa walitakiwa kutoka vyumbani na kukaa na wenzao, na katika nchi iliyokuwa bado inatoka kwenye vita na utawala wa amri, jambo hilo lilikuwa na uzito wa kisiasa.

Tatizo ni kwamba mandhari hiyo iliamuliwa na washauri. Mfanyakazi aliyekaa humo hakuweza kuzuia sauti ya jirani, hakuweza kufungua dirisha lililokuwa mbali naye, wala kupunguza upepo wa mitambo. Malalamiko yakaongezeka. Ujerumani ilipitisha mwaka 1972 sheria iliyoimarisha mabaraza ya wafanyakazi, na katika miaka hiyo ya 1970 nchi kadhaa za kaskazini mwa Ulaya ziliwapa wafanyakazi sauti katika mambo ya mazingira ya kazi. Walipopata sauti hiyo, wengi walichagua chumba chenye mlango na dirisha. Ndiyo maana ofisi za sehemu hizo za Ulaya zilichukua njia tofauti na za Marekani, ambako uamuzi ulibaki kwa mwenye kampuni na mwenye jengo. Nionavyo mimi, huu ni ushahidi mzito kuliko takwimu nyingi za kuridhika kazini: watu walewale, kazi zilezile, lakini mara tu walipoulizwa, ramani ya jengo ilibadilika.

Kisa cha mtu aliyekusudia mema

Robert Propst hakuwa msanifu majengo. Alikuwa mvumbuzi aliyeongoza utafiti wa kampuni ya samani ya Herman Miller nchini Marekani, na swali lake lilikuwa la kawaida: mtu anayefanya kazi kwa akili anahitaji nini kuzunguka mwili wake? Aliona kwamba kukaa kutwa kunadhuru, kwamba karatasi zinazofichwa kwenye droo husahaulika, na kwamba mtu anahitaji kuonana na wenzake na pia kujikinga nao. Mwaka 1964 kampuni hiyo ilitoa samani zilizobuniwa naye pamoja na George Nelson, zikiwemo meza za kusimamia. Zilipendeza, zilikuwa ghali, na hazikuuzika. Mwaka 1968 likaja toleo la pili: ubao wa kusimamishwa, unaounganishwa na mwingine kwa pembe pana ya nyuzi 120, wenye rafu na meza za kuning'inizwa kwa urefu tofauti. Mfanyakazi angeweza kulifunga eneo lake kiasi, kuliacha wazi kiasi, na kulibadilisha kazi inapobadilika.

Wanunuzi waliona kitu kingine. Pembe ya nyuzi 120 inakula nafasi. Ya nyuzi 90 inapanga watu wengi zaidi katika sakafu ileile. Ubao uliokusudiwa kuhamishwa na mfanyakazi ukawa ukuta mwepesi unaopangwa mara moja na fundi na kuachwa hapo kwa miaka. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kizimba cha ofisini, kile kisanduku cha kijivu chenye kuta tatu ambacho kizazi kizima cha Wamarekani kilikitumikia na kukikejeli. Kabla ya kufariki mwaka 2000, Propst mwenyewe alikuwa amekwisha kuyataja matumizi hayo kuwa ni wendawazimu. Kila sehemu ya wazo lake iliyopunguza gharama ilibaki, na kila sehemu iliyompa mfanyakazi uwezo wa kuamua iliondolewa. Mtindo huo wa kuchukua nusu ya wazo tutauona tena.

Ulijitokeza tena katika miaka ya 1990. Jay Chiat, mkuu wa wakala wa matangazo wa Chiat/Day, aliamua kwamba meza za kudumu zinazaa umilikaji na siasa za ofisini, na kwamba teknolojia mpya imeziondolea maana. Katika ofisi zake za Los Angeles na New York, wafanyakazi walifika asubuhi, wakachukua kompyuta mpakato na simu kwenye kaunta, wakatafuta pa kukaa, na jioni wakavirudisha. Vitu binafsi viliwekwa kwenye makabati madogo. Vifaa havikuwatosha watu wote, kwa hiyo wengine walianza kuvificha usiku ili wavikute kesho. Wapo waliogeuza buti ya gari kuwa kabati la mafaili, na inajulikana kwamba mmoja wao alikuwa akivuta karatasi zake ndani ya kigari cha kuchezea watoto. Kufikia mwaka 1998 wakala huo ulikuwa umehamia ghala kubwa lililogeuzwa ofisi, ambamo kila mtu alirudishiwa mahali pake.

Karibu wakati huohuo, kampuni ya bima ya Interpolis huko Tilburg, Uholanzi, ilijaribu wazo linalofanana na hilo kwa juujuu, ikiongozwa na mshauri Erik Veldhoen. Hapo pia meza hazikuwa na wenyewe. Ila wafanyakazi waliwekewa sehemu za aina nyingi: za ukimya, za mazungumzo ya watu wawili, za kazi ya kundi, za kukaa kwa starehe, na msingi wa mpango ulikuwa kwamba mtu anapimwa kwa kazi aliyoitoa na anaaminiwa kuchagua mahali na saa ya kuifanya. Ofisi ya kupangwa kwa shughuli, kama mtindo huo ulivyokuja kuitwa, imeenea duniani tangu wakati huo. Mahali pengi umeenea kwa namna ya kizimba cha Propst: meza za mtu mmoja mmoja zikaondolewa, lakini vile vyumba vya ukimya vilivyopaswa kuwa fidia yake vikapunguzwa katika hatua ya bajeti, na msimamizi akabaki kuwahesabu watu kwa macho. Mfanyakazi anayenyang'anywa meza bila kupewa chaguo hana sababu ya kuuita mpango huo uhuru.

Sikio halina kope

Malalamiko makubwa kuhusu ofisi ya wazi ni kelele, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu mara nyingi hutibiwa vibaya. Jungsoo Kim na Richard de Dear wa Chuo Kikuu cha Sydney walichambua mwaka 2013 majibu ya zaidi ya watu 42,000 waliofanya kazi katika majengo 303. Waliokuwa na vyumba vyao waliridhika zaidi na mazingira yao karibu katika kila kipengele, na ile faida inayotangazwa sana ya ofisi ya wazi, yaani urahisi wa kuwasiliana, haikutosha kufidia hasara ya kelele na ya kukosa faragha.

Sauti inayosumbua zaidi ofisini ni maneno yanayoeleweka. Mngurumo wa feni au wa magari ya mbali huzoeleka, kwa sababu ubongo huukubali kuwa hauna habari ndani yake. Maneno hayazoeleki hivyo. Mtu anayesoma au kukokotoa hesabu huyasikiliza hata asipotaka, kwa kuwa sehemu ileile ya akili inayoshughulikia lugha ndiyo anayoitumia kazini. Mazungumzo ya simu husumbua kuliko mazungumzo ya watu wawili waliopo, jambo lililoonyeshwa mwaka 2010 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell: msikilizaji anayesikia upande mmoja tu hawezi kutabiri neno linalofuata, hivyo akili yake hukaa tayari ikilingoja.

Kutokana na hayo huja jambo linaloonekana kama kinyume. Ofisi iliyo kimya mno inaweza kusumbua kuliko yenye mngurumo wa wastani, kwa sababu katika ukimya huo kila neno la mtu aliye mita 12 mbali linafika likiwa kamili. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3382-3, kilichotolewa mwaka 2012, ndiyo maana kinapima umbali ambao kwao maneno huacha kueleweka vya kutosha kumtoa mtu kwenye kazi yake. Katika toleo hilo la mwaka 2012, ofisi ambayo umbali huo hauzidi mita 5 ilihesabiwa kuwa nzuri, na inayozidi mita 10 ilihesabiwa kuwa mbaya. Njia za kuupunguza ni tatu na zinahitajiana: dari na sakafu zinazonyonya sauti, vizuizi vya urefu wa kutosha kati ya meza, na sauti hafifu ya makusudi inayofunika maneno. Vioo, saruji tupu na dari iliyoachwa wazi ili mabomba yaonekane, yaani mtindo uleule unaopendwa katika picha za majarida, huvunja masharti hayo karibu yote. Wahenga walionya kwamba kuta zina masikio. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa pale ambapo kuta zenyewe hazipo.

Je, kubomoa kuta hakuwakutanishi watu? Hapa kuna tafiti mbili zinazoonekana kupingana. Thomas J. Allen wa taasisi ya teknolojia ya MIT nchini Marekani alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1977 kwamba mawasiliano kati ya wahandisi hushuka kwa kasi kadiri meza zao zinavyoachana, na kwamba baada ya kama mita 50 hubaki kidogo sana. Ghorofa moja tu ya tofauti ilitosha kuwatenga watu. Kwa miongo kadhaa wasanifu waliichukua hoja hiyo kuwa ruhusa ya kuondoa kuta. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha vipimo kutoka makao makuu ya kampuni mbili kubwa za Marekani zilizohamia ofisi za wazi, ambamo wafanyakazi walivaa vifaa vilivyorekodi nani anakutana na nani ana kwa ana. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na ujumbe wa kielektroniki ukaongezeka.

Tafiti hizo hazipingani ukizisoma pamoja. Ukaribu huleta mazungumzo, lakini kuonwa na kusikiwa na wote huyazima. Mtu anayejua kwamba watu 40 watasikia swali lake la kijinga hatalitamka. Atavaa vifaa vya masikioni na kuliandika kwenye kompyuta. Kinachohitajika ni watu wa kazi moja kuwa karibu, pamoja na mahali pa hatua chache ambapo wawili wanaweza kujitenga bila kuomba ruhusa wala kuweka nafasi siku mbili kabla.

Joto, hewa na mwili wa wastani

Ugomvi wa kiyoyozi ofisini huchukuliwa kuwa jambo la utani. Una historia lakini. Kanuni za joto la ofisini zilijengwa juu ya kiwango cha joto linalozalishwa na mwili wa mwanamume wa miaka 40 mwenye uzito wa kilo 70, na mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt walionyesha kwamba kiwango hicho kinazidisha joto la mwili wa mwanamke anayefanya kazi nyepesi ya mezani. Anayejifunga mtandio huku mwenzake akitokwa jasho hatendi deko. Mtambo haukupangwa kwa ajili yake. Kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kitakachowafaa wote, suluhisho lenye akili ni kutoa udhibiti mdogo kwa kila mmoja: feni ya mezani, tundu la hewa linalogeuzwa kwa mkono, dirisha linalofunguka, au walau sehemu za joto tofauti ambazo watu wanaruhusiwa kuhamia.

Kuhusu hewa niseme kwa ufupi, kwa sababu hapa hakuna mvutano mkubwa. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard wakiongozwa na Joseph Allen waliwaweka watu 24 katika ofisi iliyobadilishwa ubora wa hewa bila wao kujua ni siku ipi, wakawapima uwezo wa kufanya maamuzi. Katika siku za hewa safi alama zao zilikuwa juu kwa asilimia 61, na hewa ya nje ilipoongezwa zaidi zikawa mara mbili ya zile za siku za ofisi ya kawaida. Kundi lilikuwa dogo, lakini mwelekeo wake unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusinzia katika chumba cha mikutano kilichojaa na kufungwa. Mwanga wa mchana nao ni wa jinsi hiyo, ila una swali la ugawaji: katika ofisi nyingi madirisha huzungukwa na vyumba vya wakubwa, ambao hutumia sehemu kubwa ya siku wakiwa kwenye mikutano mahali pengine, huku wanaokaa mezani kutwa wakiachiwa taa za umeme katikati ya jengo.

Ofisi inasema nini kuhusu wenyeji wake

Suala la madirisha linatuingiza kwenye utamaduni, neno linalotumika sana na kuelezwa kidogo. Utamaduni wa mahali pa kazi ni yale ambayo watu hufanya bila kuagizwa kwa sababu wameona yanaruhusiwa au yanalipwa. Jengo huchangia kwa kuonyesha nani ana thamani na nini kinatiliwa shaka. Mkuu anayetangaza kwamba mlango wake uko wazi, lakini mlango huo uko ghorofa ya juu inayofunguliwa kwa kadi maalumu, ametoa matangazo mawili, na watu wataamini lile la kadi. Chumba cha mapumziko kilichowekwa mbele ya dirisha la msimamizi hakitatumika, hata kikiwa na makochi mazuri kiasi gani.

Teknolojia ya kuhesabu matumizi ya nafasi imelifanya jambo hili kuwa kali zaidi. Januari 2016 wafanyakazi wa gazeti la Daily Telegraph la London walikuta chini ya meza zao vifaa vya kuhisi joto na mwendo, vilivyoelezwa kuwa ni vya kupanga matumizi ya nishati na nafasi. Vililalamikiwa na kuondolewa siku hiyohiyo. Huenda sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli kabisa. Vifaa vya namna hiyo husaidia kweli kujua ni meza ngapi zinahitajika. Lakini kifaa kilichowekwa usiku bila kumwambia mtu huhesabiwa kuwa mlinzi, na maelezo yanayofuata hayamwondolei sura hiyo.

Upande mwingine wa utamaduni ni watu ambao mpango wa wastani huwasahau: mama anayenyonyesha, anayeswali, anayetembelea kiti cha magurudumu, mwenye usikivu hafifu, au mwenye akili inayolemewa haraka na mwanga mkali, michoro mingi na vurugu za sauti. Kwa kundi hili la mwisho Uingereza ilitoa mwaka 2022 mwongozo wa usanifu, PAS 6463, unaohusu taa, sauti, mapambo na njia za kupita ndani ya jengo. Mengi yaliyomo yangemfaa mtu yeyote, na hilo si ajabu: mahali panapomvumilia aliye nyeti zaidi huwachosha wengine kidogo tu.

Kisha ikaja mwaka 2020. Janga la UVIKO-19 liliwapeleka mamilioni ya watu wa kazi za mezani nyumbani kwao, na wengi wao hawajarudi kwa siku zote tano. Utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake, uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature, uliwafuatilia wafanyakazi 1,612 wa kampuni ya usafiri ya Trip.com nchini China: walioruhusiwa kufanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki waliacha kazi kwa kiwango kilichopungua kwa theluthi, na utendaji wao haukushuka. Kwa wasanifu maana yake ni kwamba ofisi imepata mshindani. Mtu mwenye chumba kimya nyumbani hatasafiri saa nzima ili avae vifaa vya masikioni kati ya watu wanaopiga simu. Wapo pia wasio na chumba hicho, wanaoishi wengi katika nyumba ndogo, na kwao ofisi ndiyo mahali pekee pa utulivu. Ukibadilisha sakafu yote kuwa kijiwe cha kukutania, hao ndio unaowafukuza.

Mikutano mseto, ambamo wengine wamo chumbani na wengine wako mbali kwenye skrini, nayo imeleta kazi mpya. Chumba cha watu 10 chenye meza ndefu na skrini ukutani humgeuza aliye mbali kuwa mtazamaji, kwa sababu haoni nyuso wala hasikii minong'ono ya mwisho wa meza. Meza iliyopindwa kuelekea skrini, vipaza sauti vilivyosambazwa, mwanga unaoangukia nyuso, na kamera iliyo usawa wa macho husaidia kuliko skrini kubwa zaidi. Mambo haya ni madogo, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na samani za mapokezi.

Kwa kuwa kazi hubadilika haraka kuliko majengo, njia ya kufikiri iliyonisaidia zaidi ni ile ya Frank Duffy, msanifu Mwingereza, aliyeligawa jengo katika tabaka za muda. Kiunzi chake hudumu kama miaka 50 au zaidi. Mitambo ya umeme, maji na hewa kama miaka 15. Kuta za ndani na dari miaka 5 hadi 7. Na samani huhamishwa kila baada ya wiki au miezi michache. Makosa mengi ya ofisi ni ya kuweka uamuzi wa siku katika tabaka la miaka 15: swichi moja inayowasha taa za ghorofa nzima, soketi za umeme zilizowekwa pale tu meza za mwanzo zilipokuwa, ukuta wa kioo uliofungwa kati ya idara mbili zilizokuja kuunganishwa mwaka uliofuata.

Mfano ulio kinyume cha hayo ni jengo ambalo hakuna aliyelipenda kwa sura. Jengo namba 20 la MIT lilijengwa haraka kwa mbao mwaka 1943 kwa ajili ya utafiti wa rada, likikusudiwa kubomolewa vita vikiisha. Liliendelea kutumika hadi mwaka 1998. Lilikuwa na joto wakati wa kiangazi, baridi wakati wa majira yake, na namba za vyumba zilizowapoteza wageni. Kwa kuwa lilihesabiwa kuwa la muda, hakuna aliyehitaji kibali cha kutoboa ukuta au kupitisha nyaya. Timu ya Jerrold Zacharias iliondoa sakafu mbili ili saa yake ya atomiki iweze kusimama. Humo wanaisimu, wahandisi na wanafizikia walipitana kwenye korido zilezile, na kutoka humo zilitoka kazi nyingi ambazo majengo ya fahari ya jirani hayakuzizidi.

Taasisi ya kawaida haiwezi kuwaruhusu watu waondoe sakafu. Inaweza kuanza na kona moja ya ghorofa moja, ikawaachia wanaokaa humo wajaribu mipango miwili au mitatu kwa miezi michache kabla ya kuagiza samani za wote. Inaweza kuandika mapema ni mambo gani kila timu itaamua yenyewe, ni yapi yataamuliwa kwa pamoja, na ni yapi hayabadiliki kwa sababu za usalama au fedha. Inaweza pia kubakiza sehemu ya bajeti kwa ajili ya mwaka unaofuata baada ya kuhamia, wakati ambapo imeshajulikana ni vyumba vipi havikaliwi, ni meza ipi inapigwa na jua saa tisa, na ni korido ipi watu wameifanya kuwa chumba cha simu. Sehemu hiyo ya bajeti ndiyo ambayo kwa kawaida hukatwa ya kwanza, kwa kuwa wakati wa kuidhinisha michoro bado hakuna mtu aliyekaa kwenye viti hivyo wa kuidai.